Utengamao: mgonjwa ameruhusiwa hospitali, sasa tufanye nini nyumbani?

"Dada mtangazaji, baba tumerudi naye nyumbani. Dawa wametupa, na tarehe ya kliniki wametuandikia. Ila mkono hauinuki na kutembea hawezi. Sasa tumfanyeje?"

Maswali ya namna hii hutufikia mara nyingi studio, kwa simu na kwa ujumbe mfupi. Mara nyingine ni baba aliyepata kiharusi. Mara nyingine ni kijana aliyekatwa mguu baada ya ajali ya bodaboda, au mtoto ambaye umri wa kukaa umepita na bado hakai. Familia imehangaika, imeuza mbuzi au gunia la mahindi, imempeleka mgonjwa hospitali kubwa, maisha yake yameokolewa. Kisha wanarudi nyumbani na kukaa kusubiri nafuu ije yenyewe.

Kazi inayotakiwa kufanyika katika kipindi hicho inaitwa utengamao. Makala haya yanaeleza ni nini, nani anaifanya, inapatikana wapi, na sehemu gani unaweza kuifanya wewe mwenyewe nyumbani.

Utengamao maana yake nini?

Neno hili limetokana na kutengamaa, yaani kutulia na kukaa sawa. Tunasema "mambo yametengamaa" pale vurugu inapokwisha. Katika afya na ustawi wa jamii, utengamao ni huduma na mazoezi yanayomsaidia mtu aliyepata ugonjwa, jeraha au ulemavu aweze kufanya shughuli zake kadiri inavyowezekana, pale anapoishi.

Mitaani kwetu Buguruni, ukitaja "rehabu" wengi wanafikiria soba, zile nyumba za kuwasaidia watu kuacha dawa za kulevya. Hawajakosea, soba ni sehemu ya utengamao. Lakini bibi anayejifunza kushika kijiko upya baada ya kiharusi naye yuko kwenye utengamao. Vivyo hivyo mtoto anayevalishwa kiatu maalumu cha kunyoosha mguu, na kiziwi anayejifunza lugha ya alama.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu bilioni 2.4 duniani, karibu mtu 1 kati ya 3, wana hali ya kiafya ambayo utengamao ungeisaidia. Hivyo hili si jambo la watu wachache wenye bahati mbaya. Nyumba nyingi zitapitia huko siku moja.

Swali la kwanza: anataka kurudi kufanya nini?

Zamani wataalamu walitazama zaidi kiungo kilichoharibika. Mguu umekatwa, basi tatizo ni mguu. Mwaka 2001 nchi wanachama wa Shirika la Afya Duniani zilikubaliana kutumia mfumo mpana zaidi wa kumtazama mtu mwenye ulemavu. Mfumo huo unauliza mambo manne. Mwili una tatizo gani? Mtu anashindwa kufanya kitu gani? Ameshindwa kushiriki wapi, shambani, shuleni, msikitini, kanisani, kwenye kikao cha kijiji? Na mazingira yake yanamsaidia au yanamkwamisha?

Tuchukue mfano. Watu wawili wamekatwa mguu wa kulia, chini ya goti. Mmoja ni fundi cherehani mwenye kibanda Buguruni Malapa, mwingine ni mkulima wa mpunga Kilosa. Jeraha lao ni moja, ila utengamao wao hauwezi kufanana.

Fundi anahitaji kukaa muda mrefu bila goti kukakamaa, na pengine kubadili cherehani ya kukanyaga iwe ya mkono au ya umeme. Tena anahitaji kupanda daladala. Mkulima anahitaji mguu bandia unaohimili njia ya matope, mahali pa kuukarabati ukiharibika, na mazoezi ya kusimama kwenye ardhi isiyo sawa. Ukimpa mkulima mguu mzuri wa kutembelea sakafuni, utaishia kuning'inia ukutani.

Ndiyo maana mtaalamu mzuri huanza kwa kumuuliza mgonjwa mwenyewe anataka kurudi kufanya nini. Jibu likiwa "nataka kwenda chooni mwenyewe," hilo ndilo lengo, na mazoezi yanapangwa kuelekea huko: kuinuka kitandani, kusimama, kupiga hatua kumi, kuchuchumaa au kukalia kiti chenye tundu. Mgonjwa anayejua kwa nini anafanya zoezi hulifanya. Anayeambiwa tu "inua mkono mara kumi" huacha baada ya wiki.

Kwa nini tusisubiri?

Kwa sababu mwili usiotumika hubadilika haraka. Msuli hunywea, kiungo hukakamaa, na ngozi inayogandamizwa sehemu moja hufanya kidonda.

Kiharusi ni mfano ulio karibu nasi. Utafiti uliofanyika Tanzania kati ya mwaka 2003 na 2006 ulihesabu watu waliopata kiharusi kwa mara ya kwanza wilayani Hai na jijini Dar es Salaam. Baada ya kurekebisha tofauti za umri, Hai ilikuwa na wagonjwa wapya wapatao 109 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka. Dar es Salaam walikuwa wapatao 316, karibu mara tatu. Shinikizo la damu ni miongoni mwa sababu kubwa za ugonjwa huu.

Baada ya kiharusi, sehemu kubwa ya nafuu hupatikana katika miezi 3 hadi 6 ya mwanzo. Ubongo unakuwa unajifunza upya kutumia mkono na mguu, na unajifunza kwa kurudiarudia. Nafuu inaweza kuendelea hata baada ya hapo, ila inakuja polepole zaidi. Familia inayotumia miezi hiyo kuzunguka kutafuta wa kumlaumu, au kumwacha mzee alale "apumzike", inapoteza muda ambao haurudi kwa urahisi.

Kwa watoto, mfano ni nyayo za kifundo, ile miguu iliyopinda kwa ndani tangu kuzaliwa. Njia inayotumika sana leo ilianzishwa na daktari Ignacio Ponseti huko Iowa, Marekani. Mguu wa mtoto mchanga hunyooshwa taratibu kwa mikono na kufungwa bandeji ngumu, ile tunayoiita P.O.P., na kubadilishwa kila wiki kwa wiki kadhaa. Wengi hufanyiwa pia upasuaji mdogo wa kulegeza mshipa wa kisigino. Baadaye mtoto huvaa viatu vilivyounganishwa na chuma, mwanzoni karibu muda wote kwa miezi mitatu, kisha wakati wa kulala tu hadi umri wa miaka minne hivi. Wazazi wengi huacha viatu mapema kwa sababu mguu unaonekana umenyooka. Ukiacha, mguu hurudi kupinda.

Wataalamu ni akina nani, na wako wapi?

Mfiziotherapia hushughulika na mwendo, nguvu, mizani ya mwili na maumivu. Mtaalamu wa tiba kwa vitendo humsaidia mtu kurudia shughuli za kila siku kama kuvaa, kula, kuoga, kupika na kufanya kazi. Fundi wa viungo bandia hutengeneza miguu na mikono bandia, na vifaa vya kushikilia kiungo dhaifu. Wapo pia wataalamu wa kusema na kumeza, wauguzi, washauri nasaha, na afisa ustawi wa jamii ambaye husaidia mambo ya familia, gharama na haki.

Tanzania inafundisha wataalamu hawa. Katika Hospitali ya KCMC mjini Moshi kuna mafunzo ya fiziotherapia na ya tiba kwa vitendo. Hapo pia kipo chuo cha mafundi wa viungo bandia, TATCOT, kilichoanza mwaka 1981 kwa ushirikiano wa Tanzania na Ujerumani, na kimefundisha wanafunzi kutoka nchi nyingi za Afrika. Dar es Salaam kuna Hospitali ya Taifa Muhimbili, Taasisi ya Mifupa Muhimbili inayojulikana kama MOI, na Hospitali ya CCBRT iliyoko Msasani.

Tatizo ni kwamba wataalamu ni wachache na wengi wako mijini. Shirika la Afya Duniani linasema nchi nyingi zenye kipato kidogo na cha kati zina wataalamu wa utengamao pungufu ya 10 kwa kila watu milioni 1. Ndiyo maana wagonjwa wengi wa mikoani huja Dar na kufikia kwa ndugu zao maeneo kama Buguruni, ambako si mbali na Hospitali ya Amana, Muhimbili wala stesheni ya Tazara. Wanakaa wiki mbili tatu, nauli na chakula vinakwisha, wanarudi kijijini. Zoezi walilofundishwa mara mbili wanalisahau.

Utengamao wa nyumbani na kijijini

Ugumu huu haukuanza leo. Baada ya mkutano wa afya ya msingi uliofanyika Alma-Ata mwaka 1978, Shirika la Afya Duniani lilianza kueneza wazo la utengamao katika jamii. Hoja ilikuwa kwamba hospitali za mijini haziwezi kumfikia kila mtu, lakini mengi yanayofanyika huko yanaweza kufundishwa kwa familia na mhudumu wa afya wa kijiji, kwa kutumia vifaa vya hapo hapo. Mwaka 1989 lilitolewa kitabu cha mafunzo kwa ajili hiyo, na mwaka 2010 mwongozo mpya uliopanga kazi katika nguzo tano: afya, elimu, kipato, maisha ya kijamii, na watu wenye ulemavu kupata sauti.

Jina la CCBRT limebeba wazo hilo hilo. Herufi zake ni kifupi cha maneno ya Kiingereza yenye maana ya utengamao kamili katika jamii nchini Tanzania. Shirika hilo lilianzishwa mwaka 1994.

Haya ni mambo ambayo familia inaweza kuyafanya, ila kwanza mwombe mtaalamu akuonyeshe kwa mgonjwa wako.

Kwa aliyepata kiharusi: Mara daktari akisema hali imetulia, asishinde amelala. Akalishwe, kisha asimamishwe akiwa na mtu upande ule dhaifu. Usimvute kwa mkono uliolegea, bega linaweza kuchomoka. Mkono huo uwekwe juu ya mto anapokaa. Mazoezi yawe mafupi na ya mara nyingi kwa siku, na yawe ya kazi halisi: kushika kikombe, kufunga kifungo, kuchambua mchele. Ale akiwa amekaa wima. Akikohoa au kupaliwa kila anapokunywa, mrudishe kituoni, chakula kinaweza kuingia kwenye mapafu. Dawa za shinikizo la damu asiache hata akijisikia vizuri.

Kwa asiyeweza kujigeuza: Mgeuze kila baada ya saa 2, usiku na mchana. Kila siku kagua makalio, kiuno, visigino na viwiko. Ngozi iliyobadilika rangi au kuwa ya moto ni dalili ya kidonda kuanza. Godoro liwe laini na shuka kavu.

Kwa aliyekatwa mguu: Usimwekee mto chini ya goti au paja, ingawa anapata raha. Goti au nyonga ikikakamaa kwa kujikunja, mguu bandia hautakaa. Alale kifudifudi kwa muda kila siku. Kidonda kikishapona, kigutu kioshwe kila siku na kifungwe bandeji kama alivyoonyeshwa.

Kwa mtoto mwenye mtindio wa ubongo: Asiachwe chali kutwa nzima. Akalishwe kwa kuegemezwa, hata kwenye beseni lililojazwa nguo au kwenye kona ya ukuta. Alishwe akiwa wima, kichwa kisiangukie nyuma. Mzungumzishe na mchezeshe kama watoto wengine.

Vifaa vingi vinaweza kutengenezwa nyumbani. Miti miwili iliyofungwa sambamba kwa kimo cha kiuno inatosha kujifunzia kutembea. Kiti cha mbao kilichotobolewa katikati kinasaidia chooni. Fundi seremala wa kijiji akionyeshwa mfano anaweza kuvitengeneza vyote.

Vipi kuhusu kuchua? Kuchua taratibu kwa mafuta kunaweza kumpa mgonjwa faraja, na hakuna ubaya. Lakini kuchua hakuufundishi ubongo kutembea. Mgonjwa mwenyewe lazima ajaribu. Epuka kuvuta viungo kwa nguvu. Epuka pia maji ya moto sana kwenye kiungo kilichokufa ganzi, maana ataungua bila kuhisi.

Mwili peke yake hautoshi

Hapa Buguruni ipo Shule ya Viziwi iliyoanza mwaka 1974, miaka 11 baada ya ile ya Tabora iliyotangulia mwaka 1963. Shule hiyo inatufundisha jambo kubwa. Mtoto kiziwi si lazima asikie ndipo aishi vizuri. Akipata lugha, elimu na marafiki, amepata njia ya kushiriki. Sehemu ya utengamao iliyobaki ni yetu sisi wenye kusikia: kujifunza ishara chache ili tuweze kuongea naye.

Mfano mwingine ni wanawake waliotibiwa fistula. Wengi huishi miaka wakitengwa kwa sababu ya kuvuja mkojo. Kwa wengine kikwazo cha kwanza kilikuwa nauli ya kufika hospitali, na CCBRT ilianza kutumia M-Pesa kulipia safari zao kupitia wahamasishaji walioko mikoani. Baada ya upasuaji, baadhi wamejifunza ushonaji na ufundi mwingine katika Kituo cha Mabinti jijini Dar es Salaam. Upasuaji ulifunga tundu, na ufundi ukawapa cha kurudi nacho kwao.

Kwa waliotumia heroini, Muhimbili ilianza kutoa methadoni mwaka 2011, na huduma hiyo ikafika hospitali nyingine zikiwemo Mwananyamala na Temeke. Mtu hunywa dozi mbele ya mhudumu kila siku. Dozi hiyo humtuliza arosto, lakini bado anahitaji familia inayomkubali na kazi ya kufanya.

Sheria nayo ipo. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inataka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi ahakikishe angalau asilimia 3 ni watu wenye ulemavu. Inataka pia kamati za watu wenye ulemavu hadi ngazi ya kijiji na mtaa. Muulize mwenyekiti wako kama kamati hiyo ipo na inakutana lini. Katika mikopo isiyo na riba inayotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, asilimia 2 ni ya watu wenye ulemavu.

Tusimsahau anayeuguza

Utengamao wa nyumbani una upande ambao haupendwi kusemwa. Tukisema "familia ifanye", mara nyingi tunamaanisha mama, binti au mkwe. Ndiye anayemgeuza mgonjwa usiku, anayefua shuka, anayeacha biashara yake ya vitumbua au shamba lake. Wapo mabinti walioacha shule kwa ajili hiyo. Mpango wa nyumbani ukimtegemea mtu mmoja utavunjika, na yeye atavunjika nao.

Kaeni kikao cha ukoo. Gawaneni zamu kwa siku, wanaume wakiwemo. Aliyeko mjini asitume pesa ya dawa tu, atume na ya sabuni na ya kumwezesha muuguzaji kupumzika. Mgonjwa akilia mara kwa mara, akikataa kula au akisema hana haja ya kuishi, hiyo ni dalili ya sonona. Inatibika, semeni kituoni. Muuguzaji naye aulizwe hali yake.

Maswali ya kuuliza kabla ya kutoka wodini

Yaandike kwenye simu yako au mpigie picha karatasi yenye majibu:

1. Mgonjwa wetu anaweza kufikia hatua gani, na kwa muda gani?
2. Ni mazoezi gani tufanye, mara ngapi kwa siku? Tunaomba ruhusa ya kukurekodi video ukituonyesha.
3. Ni kitu gani tusimfanyie kabisa?
4. Dalili zipi zikitokea tumrudishe mara moja?
5. Hospitali gani ya karibu na kwetu ina mfiziotherapia? Tunaomba barua ya rufaa.
6. Anahitaji kifaa gani, na kikiharibika tunakitengenezea wapi?
7. Gharama zikitushinda, tumwone afisa ustawi wa jamii yupi?

Video ya dakika mbili ya mtaalamu akimsimamisha mgonjwa wako inaweza kukusaidia kwa miezi. Ukifika kijijini, muonyeshe mhudumu wa afya ngazi ya jamii, na muonyeshe kila atakayeshika zamu. Kisha kaa na mgonjwa, muulize kitu kimoja anachotaka kuweza kukifanya mwezi ujao, na anzeni na hicho.